Maua na matunda katika pambo moja: kasoro zinazojirudia Dodoma, vyanzo vyake na namna ya kuzirekebisha

Wapambaji wa Dodoma wanaochanganya maua na matunda mabichi huulizia mambo yale yale: petali zimedondoka kabla wageni hawajaketi, waridi limeinamisha shingo, maji ya kwenye kioo yananuka, nanasi limevuta pambo zima upande mmoja, sisimizi wamepanda meza kuu. Lawama huenda kwa maua au kwa aliyeyauza, ila mara nyingi chanzo ni tunda: aina yake, kiwango cha kuiva kwake, au tundu lililotobolewa ili lisimame. Kwa hiyo anza kukagua matunda, kisha maji, na maua yenyewe yawe ya mwisho.

Katika kila dalili hapa chini, sababu inayotokea sana ndiyo inayotangulia.

Petali zinadondoka au maua yanajikunja ndani ya siku moja au mbili, na maji yapo

Kanesheni zinajikunja kwa ndani na hazifunguki tena. Alstromeria inamwaga petali ukiigusa tu. Bogenvilia imepukutika mezani. Shina bado ni gumu, majani hayajalegea. Hapo si kiu.

Sababu ya kwanza ni gesi ya ethilini kutoka kwenye matunda yanayoendelea kuiva. Tunda likishachumwa bado linapumua, na yapo matunda ambayo yakifika hatua ya kuiva hutoa gesi hiyo kwa wingi: ndizi, embe, papai, parachichi, tufaha, peasi, stafeli, mapera, nyanya, na pasheni ambayo ni kali kuliko mengi ya hayo. Gesi haina rangi, na kiasi kidogo sana kinatosha kuliambia ua kwamba wakati wake wa kuzeeka umefika. Kipimo cha haraka ni pua na kidole gumba. Ukisikia harufu tamu ya embe ukiwa umesimama hatua moja kutoka kwenye pambo, au tunda likibonyea, liondoe.

Sababu ya pili inasahaulika sana: maua yalikutana na gesi njiani. Sehemu kubwa ya maua ya kukata yanayouzwa Dodoma huja kwa basi kutoka Arusha na Kilimanjaro, na ndani ya buti boksi la maua hukaa kwa saa nyingi jirani na mikungu ya ndizi au magunia ya maparachichi. Pambo lako linaweza kuwa na zabibu peke yake na kanesheni zikalala vilevile. Mwombe wakala asipange boksi pamoja na matunda, na likifika lifungue mara moja mahali penye hewa.

Sababu ya tatu ni tunda lenye jeraha au ukungu. Chungwa zima halina shida, lakini likishika ukungu wa kijani linaanza kutoa ethilini. Geuza kila tunda na utazame upande uliolalia.

Ya nne ni moshi. Moshi wa jenereta na wa magari una ethilini ndani yake. Ukumbi ambao jenereta yake iko chini ya dirisha la chumba cha kuandalia mapambo utakupa tatizo hili hata bila tunda lolote.

Marekebisho ya haraka ni kutoa matunda yanayoiva, kufungua madirisha na kuondoa maua yaliyokwisha lala. Yaliyolala hayafufuki, usipoteze muda kuyakatia mashina upya.

Marekebisho ya kudumu yako kwenye uchaguzi. Tumia matunda ambayo hayaendelei kuiva baada ya kuchumwa na hutoa gesi kidogo mno: zabibu, machungwa, chenza, ndimu, limau, nanasi, komamanga. Mkazi wa Dodoma ana bahati hapa. Zabibu za Hombolo na Mpunguzi huvunwa misimu miwili kwa mwaka, hazidhuru maua, na kichala kimoja kikining'inia ukingoni mwa chombo kinapendeza kuliko rundo la matufaha ya kutoka nje. Tufaha jekundu linauzwa kama tunda la mapambo, lakini likiwekwa karibu na kanesheni ni chaguo baya. Ukitaka rangi nyekundu, chukua komamanga.

Upande wa maua, yanayovumilia ni alizeti, krisantemamu, jabera na anthurium. Alizeti inalimwa sana Dodoma na Singida. Ikikatwa asubuhi wakati petali zinaanza kuinuka, inakaa vizuri na matunda. Yasiyovumilia ni kanesheni, alstromeria, okidi nyingi na bogenvilia. Waridi hutegemea aina, kwa hiyo litendee kama lisilovumilia.

Mteja aking'ang'ania embe, chukua embe gumu la kijani, lifute bila kulikwaruza, liweke saa ya shughuli yenyewe, chini na pembeni, mbali na maua laini. Kwa ukumbi wa kiyoyozi ambao madirisha yake hayafunguki, kataa. Pambo halitafika jioni.

Friji moja haitoshi kwa vyote viwili. Waridi hupenda nyuzi 2 hadi 5 za Selsiasi, ilhali ndizi na embe huungua kwa baridi chini ya nyuzi 12 au 13. Tena friji ni kisanduku kilichofungwa: tufaha moja ndani yake usiku kucha linatosha kuharibu ndoo nzima ya kanesheni.

Kuna dawa za kuzuia athari ya ethilini ambazo wakulima wa maua huwapa maua kabla ya kuyasafirisha, baadhi zikiwa na madini ya fedha. Muulize muuzaji kama kanesheni zake zimepewa. Dawa hizo hukinga tu, hazirudishi kilichoharibika, na maji yenye madini ya fedha yasiguse tunda litakaloliwa.

Waridi linainamisha shingo, majani yamelegea

Hii ndiyo kiu. Hewa imeingia kwenye mirija ya shina wakati wa safari kavu na maji hayapandi. Kata sentimita 3 za chini kwa mshazari, ukitumia kisu kikali huku shina likiwa ndani ya maji, kisha tumbukiza maua kwenye ndoo yenye maji ya uvuguvugu hadi nusu ya shina, kivulini, kwa saa 4 au zaidi. Waridi lililoinama kabisa lilaze zima ndani ya beseni la maji kwa dakika 30 hadi 60, kichwa na majani pamoja. Likigoma baada ya hapo, limekwisha. Kosa la kawaida ni kupanga maua saa ile ile yaliposhushwa stendi. Kati ya Juni na Oktoba, upepo mkavu wa Dodoma hunyonya maji kwenye majani haraka kuliko shina linavyoweza kuyapandisha, na kupanga kabla ya kunywesha ni kujitafutia hasara.

Kama maua yalinyweshwa na bado yanainama, angalia oasisi, yaani sponji ya kuchomekea maua. Ikikandamizwa kwa mkono ndani ya maji, nje hulowa na katikati hubaki pakavu. Iache ielee, izame yenyewe mpaka sehemu ya juu ilingane na maji. Ili kuhakiki, kata kipande pembeni: rangi iwe moja hadi ndani. Usitumie tundu lililokwisha chomekwa, wala usivute shina nje kidogo baada ya kulichomeka, kwa sababu chini yake panabaki uwazi na shina linaning'inia hewani. Oasisi iliyokauka hailowi tena vizuri, kwa hiyo ongeza maji kila asubuhi, na upepo ukiwa mkali mara mbili kwa siku.

Halafu maji yenyewe. Maji ya visima ya Dodoma mengi ni magumu na yana chumvichumvi. Ukoko mweupe ndani ya birika lako unakuambia hivyo. Kuyachemsha hupunguza ugumu kiasi, ila chumvi inabaki. Maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye simtanki safi ndiyo bora. Usipokuwa nayo, andaa hivi kwa kila lita moja ya maji:

- dawa ya kung'arishia nguo (jiki isiyo na manukato), robo kijiko cha chai
- sukari, kijiko 1 cha chakula
- maji ya limau yaliyochujwa, vijiko 2 vya chakula

Jiki iingie kwanza kwenye lita nzima ya maji na ikorogwe. Sukari na limau vifuate. Usichanganye jiki na limau au siki bila maji mengi: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Ukisikia harufu kali inayobana kifua, toka nje, acha milango wazi, na anayeendelea kukohoa au kubanwa pumzi apelekwe hospitali.

Sehemu za Singida na ukanda wa Bonde la Ufa zina maji ya ardhini yenye floraidi nyingi. Jabera na gladiola hazipatani nayo, ncha za petali huungua. Huko tumia maji ya mvua moja kwa moja.

Sababu ya mwisho ni waridi lililokatwa likiwa changa mno. Shingo yake haijakomaa na hakuna la kufanya, mrudishie muuzaji.

Maji ya kwenye kioo yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele, yananuka

Vipande vya limau au chungwa vimewekwa ndani ya maji yale yale yanayonywesha maua. Sukari na nyama ya tunda hulisha bakteria, bakteria huziba mashina, na kwa joto la Oktoba au Novemba kazi hiyo huisha ndani ya siku moja.

Dawa yake ni vyombo viwili. Chukua kioo kikubwa na kingine chembamba, uwazi kati yao uwe sentimita 2 hadi 3. Maua na maji yao vikae ndani ya kile chembamba, na vipande vya tunda vipangwe kwenye uwazi. Vipande viwe na unene wa milimita 5 hadi 7. Vikiwa vyembamba zaidi hulegea na kujikunja. Mimina maji safi kidogo kwenye uwazi ili vipande ving'ae na ubadilishe kila siku. Pambo la vipande ni la siku 2, likipata kivuli siku 3. Kama linatakiwa likae wiki nzima mapokezi ya ofisini, tumia ndimu nzima zisizokatwa.

Kama hukuweka tunda lililokatwa na maji bado yananuka, kuna majani chini ya usawa wa maji, au chombo hakikusuguliwa. Utelezi wa pambo lililopita uko ndani.

Tunda linazunguka, linachomoka, au pambo linapinduka

Hapa uzito husahaulika. Nanasi la kawaida lina kilo 1.5 hadi 2. Oasisi ya sentimita 23 kwa 11 kwa 8 ikishalowa ina karibu kilo 2 za maji, na pamoja na hivyo ni laini kama ilivyokuwa kavu: inashika shina la ua, haikutengenezwa kubeba tunda.

Tunda linalozunguka lina kijiti kimoja. Weka viwili. Tufaha, chungwa au komamanga lichomwe vijiti viwili vya mishikaki, vikiachana sentimita 2, viingie kiasi cha nusu ya tunda na sentimita 6 ndani ya oasisi. Ndimu inatosha vijiti viwili vya meno. Nanasi linataka vijiti vitatu vinene vya mianzi, vya sentimita 20 hadi 25, vikiwa pembetatu kwenye kitako chake, na kitako hicho kiegemee ukingo wa chombo, si oasisi. Zabibu usizichome kabisa: zungushia waya mwembamba kwenye bua kuu la kichala, sokota, kisha funga waya huo kwenye kijiti kilichochomekwa.

Tunda linalochomoka na vijiti vyake limepasua oasisi. Usiliingize tena pale pale. Funga oasisi mpya ndani ya waya wa kuku, uibane kwenye chombo kwa selotepu isiyopitisha maji iliyopita juu kwa msalaba, ndipo uchomeke upya. Panga matunda kwanza, maua baadaye. Ukifanya kinyume utakuwa unavunja mashina kila unapotafuta nafasi ya nanasi.

Pambo linalopinduka lina kitako chepesi au matunda yamekaa juu. Matunda mazito yabaki ndani ya theluthi ya chini ya kimo, na kila zito la upande mmoja lipate mwenzake upande wa pili. Ongeza kilo 2 au 3 za kokoto au mchanga kwenye mfuko chini ya chombo. Kabla ya kuondoka, sukuma meza kidogo kwa nyonga na utazame. Likiyumba na kurudi, sawa. Likiyumba bila kurudi, lifumue.

Kila tundu linatoa utomvu, na utomvu unaalika ukungu na wadudu. Dondoshea nta ya mshumaa kuzunguka kijiti mahali kinapoingilia, mbali na majani makavu na vitambaa.

Tikiti au nanasi lililochimbwa kuwa chombo linavuja kwa sababu ukuta wake ni mwembamba. Acha sentimita 2 za nyama, sawazisha kitako kwa kukata ganda tu, na ndani weka kopo au chupa ya plastiki iliyokatwa. Maji ya maua yakae humo. Kibuyu nacho ni hivyo hivyo: kinapendeza sana na masuke ya mtama na uwele, ila maji yakikaa humo moja kwa moja kitaoza.

Simama hapa: pambo la kuning'inia juu ya vichwa vya watu, au la kwenye stendi iliyozidi kimo cha mtu, lisitundikwe kwa kukadiria. Matunda, maji na oasisi vikifika kilo 8 au 10, mwite fundi wa vyuma au wa ukumbi akague ndoano na dari. Kama hayupo, lishushe mezani.

Zabibu zinapukutika au zinasinyaa

Bua la kichala limekauka. Upepo mkavu hukausha bua kabla ya punje, nalo likiwa la kahawia punje hudondoka kwa kutikiswa tu. Nunua kichala chenye bua la kijani, kitikise kidogo sokoni, na kikidondosha zaidi ya punje mbili tatu kiache. Kiweke pambo likiwa limekamilika, na kinyunyizie maji laini kama hewa ni kavu sana. Ule unga mweupe juu ya punje ni nta ya asili. Usiusugue, ndio unaoipa zabibu uhai. Zikiwa za kuliwa, zioshe muda mfupi kabla ya shughuli, zikauke kivulini.

Vipande vimegeuka kahawia

Ni hewa. Chovya vipande vya tufaha, peasi au ndizi kwenye kikombe cha maji chenye kijiko cha chakula cha maji ya limau, dakika 3 hadi 5, kisha futa. Utapata saa chache. Bora zaidi kutovikata.

Vinzi, sisimizi, nyuki

Vinzi vya matunda vinaonyesha kuna tunda lililopasuka, mara nyingi chini ambako huoni. Liondoe kwanza. Ndipo weka bakuli la siki lenye tone la sabuni ya maji mbali na meza. Sisimizi wanafuata utomvu: futa chombo na meza kwa maji ya sabuni, funika matundu kwa nta, na kwa bustanini simamisha miguu ya meza kwenye makopo yenye maji. Usipulize dawa ya wadudu juu ya pambo. Inaharibu petali na inageuza tunda kuwa sumu.

Nyuki wana uzito wake. Kanda ya kati ni nchi ya asali, na nanasi lililokatwa kwenye hema la bustanini msimu wa kiangazi huwavuta. Wakiwa wawili watatu, funika tunda kwa kitambaa na ulihamishe polepole. Wakizidi hapo, acha pambo, ondoa watu, watoto na wazee wakitangulia, usipunge mikono wala usifukize moshi katikati ya wageni. Mwite mfugaji wa nyuki mwenye vifaa au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Aliyeumwa akivimba uso au kubanwa pumzi apelekwe hospitali papo hapo.

Wageni wanataka kula matunda ya kwenye pambo

Jibu la kawaida liwe hapana. Maua ya kukata hupuliziwa dawa za mashambani bila kufikiria mlaji, oasisi ni plastiki ambayo vumbi lake huwasha macho na koo, na maji ya chombo yana jiki. Tenga sahani ya matunda ya kuliwa pembeni. Kama mwenyeji anataka pambo liliwe, hakuna oasisi, hakuna waya, matunda yaoshwe kwa maji yanayotiririka, na maua yawe yale yaliyolimwa kwa ajili ya kula.

Hesabu vijiti na waya unapoviingiza, uandike, na uhesabu tena unapofumua. Kijiti kilichobaki ndani ya chungwa kinamtoboa mtu koo.

Majani ya kuokoteza uani ndiyo yenye hatari kubwa. Oleanda inayopandwa kando ya nyumba nyingi ni sumu kali, jani, ua na tawi. Mnyaa wa uzioni una utomvu mweupe unaochoma macho na ngozi. Datura usiikaribishe, na alamanda pia iache. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaostahili kulazwa karibu na tunda. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Mtoto akitafuna oleanda, mtoe mabaki mdomoni, usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa wala dawa ya kienyeji, mpeleke hospitali mara moja ukiwa na tawi la mmea huo kwenye mfuko ili daktari alione.